Barua kwa mwanangu aliye Georgia: usiku ule nani atakurudisha nyumbani?

Likoni, Mombasa
20 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila babako sukari imempanda tena na chai ya maziwa hataki kuiacha. Leo ni Sikukuu ya Mashujaa, nyumba imetulia, ndiyo nimepata kushika kalamu. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu unaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi," kisha mtandao unakatika.

Nimesikia kwa shangazi yako, si kwako, kwamba tarehe 5 Novemba utasimama nje ya kituo cha kupigia kura huko DeKalb, Georgia, Marekani, tangu kabla ya jua mpaka kifungwe. Kulisikia kwa shangazi kumeniuma, nakwambia wazi. Likizo ya kuja Idi ulisema hupati. Ya uchaguzi imepatikana. Lakini sikuandikii kwa hilo. Nakuandikia nikuulize jambo moja, na nitalirudia mpaka unijibu: kituo kikishafungwa, usiku, nani atakurudisha nyumbani?

Zile karatasi za mafunzo ulizomtumia shangazi nimezisoma zote. Mdogo wako alinisaidia pale Kiingereza cha kisheria kiliponishinda. Nimeelewa kwamba hutampigia debe mtu yeyote wala hutavaa rangi ya chama. Utasimama utazame, na atakayerudishwa mlangoni utamweka pembeni umpigie simu kwa wale mawakili. Kamati yao, Lawyers' Committee for Civil Rights Under Law, nimesoma ni ya tangu 1963, Rais Kennedy alipowaomba mawakili wajitolee kutetea haki za watu weusi. Hiyo ni kazi ya heshima. Nimeshawaambia wenzangu wa chama chetu cha akina mama, na nilipowaambia sikuinamisha uso.

Tena kuna hao ndugu zetu wa Kongo wa pale Clarkston. Shangazi yako anasema ndio uliowafikiria kwanza. Wengine wamekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, hawana kura ya nchi waliyotoka wala ya nchi iliyowahifadhi, na sasa wamekula kiapo cha uraia wa Marekani, wanafika kituoni wanakuta kila kitu Kiingereza. Sheria yao ya haki ya kupiga kura inataka karatasi zitafsiriwe kwa Kihispania, kwa lugha za Asia na za wenyeji wa asili, mahali ambapo wasemaji wake ni wengi. Kiswahili hakimo. Lakini kifungu cha 208 kinampa mtu asiyeweza kuisoma karatasi ile haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ili mradi asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Hicho kifungu kishike kichwani. Uwe nacho kimechapishwa pia, maana msimamizi wa kituo aliyechoka hamwamini mtu anayemsomea sheria kwenye simu. Na usichanganye kazi mbili. Kama siku ile ni mwangalizi, tafuta mwenzako mwingine awe mkalimani. Ukiingia ndani na mzee wa watu, kesho watasema ulimchagulia.

Nami nimewahi kukaa upande ule wa meza, unajua. Jioni ikifika, mgongo unauma, foleni haipungui, karani humrudisha mtu kwa herufi moja tu iliyokosewa kwenye jina. Wala si mbaya wa roho. Kwa hiyo usimpandishie sauti. Mwamkie, muulize jina lake, mwombe atazame daftari mara ya pili. Majina yetu huko yanaandikwa kila namna, mara jina la baba linakuwa la mwisho, mara linaachwa kabisa. Akikataa, hapo ndipo udai ile kura ya muda inayowekwa kando mpaka jina lihakikiwe. Na huyo mpiga kura usimwache aende hivi hivi, mwandikie kwenye kikaratasi kwamba ana siku tatu za kupeleka uthibitisho. Watu huenda nyumbani wakijua wamepiga kura, kumbe haikuhesabiwa.

La maji lilinitoa machozi, mwanangu. Kwamba Georgia mwaka 2021 walitunga sheria, ukimpa mtu aliye foleni maji au chakula ndani ya futi 150 za jengo la kituo, ni kosa la jinai! Na foleni hizo ndefu ziko wapi? Mwaka 2020, kwenye kura za mchujo za Juni, watu walisimama masaa, na mitaa ya weusi ndiyo iliyosimama zaidi. Mimi nimelelewa kwamba maji hayanyimwi hata adui. Lakini nakuomba uifuate sheria hiyo kama ilivyo, usije ukakamatwa kwa chupa ya maji. Pima hizo futi mapema, mchana, wewe na wenzako. Wasimamizi wenyewe wanaruhusiwa kuweka maji watu wajichotee. Waombe asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla hawajachoka. Huruma yako naijua, ndiyo inayonitia hofu kuliko hasira yako.

Sasa turudi kwenye swali langu, la gari la kukurudisha nyumbani.

Tangu nisikie habari hii nimekuwa nikisoma juu ya watu waliojitolea huko kabla yenu. Nilitaka kujua waliumizwa wapi. Nilidhani nitaambiwa ni kituoni, kwenye foleni, mbele ya watu. Sivyo. Wale vijana watatu wa Mississippi, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliokwenda kusaidia weusi waandikishwe kupiga kura, walisimamishwa barabarani Juni 1964, wakawekwa ndani, wakaachiliwa usiku. Usiku! Wakafuatwa. Miili yao ilipatikana Agosti, imezikwa ndani ya tuta la bwawa. Na Viola Liuzzo, mama wa watoto watano, aliyetoka Detroit na gari lake kuja kuwasaidia waliotembea kutoka Selma hadi Montgomery, Alabama, kudai haki ya kupiga kura. Tarehe 25 Machi 1965 maandamano yalikuwa yameshafika, hotuba zimekwisha, kazi imekwisha. Yeye alibaki kuwarudisha watu makwao. Gari la watu wa Ku Klux Klan, kile kikundi cha wazungu wabaguzi, likamfukuza barabarani, wakampiga risasi akiwa kwenye usukani. Alikuwa na miaka 39. Sheria yenyewe ya haki ya kupiga kura Rais Johnson aliitia sahihi Agosti mwaka huo huo.

Na kwetu je? Chris Msando wa tume yetu ya uchaguzi, aliyekuwa akisimamia mitambo ya matokeo, alitoweka usiku na gari lake, akakutwa ameuawa kule Kikuyu, zikiwa zimebaki siku chache tu tuingie vituoni Agosti 2017. Ghasia za hapa hapa Likoni mwaka 1997 sizirudii. Unakumbuka waliolala uani kwetu walikuwa nani, na kadi zao za kura zilibaki kwenye nyumba gani.

Utaniambia, "Mama, hiyo ni 1965." Najua utasema hivyo, nakuona. Basi nikutajie yule mama na bintiye, Ruby Freeman na Shaye Moss, makarani wa kura wa hapo hapo Atlanta mwaka 2020. Walisingiziwa wizi wa kura na watu wakubwa wa nchi, wakatumiwa vitisho mpaka mama wa watu akahama nyumba yake. Mahakama imewapa haki yao, baraza la wazee wa mahakama Desemba mwaka jana liliamua walipwe dola milioni 148, lakini usingizi wa miaka ile nani atawalipa? Mama na binti. Nilipoisoma hiyo niliifunga simu nikaenda kukaa barazani.

Kwa hiyo picha zako za siku ile usizitie kwenye mitandao, hasa zinazoonyesha gari na namba zake. Egesha gari mahali penye taa. Bora zaidi usiende nalo kabisa, muende wawili au watatu na mrudi hivyo hivyo. Aliye kwenye foleni saa moja usiku hafukuzwi, hata akipiga kura saa nne, na wewe najua hutaondoka mpaka wa mwisho atoke. Sikuzuii. Ila huyo wa mwisho akitoka, usibaki peke yako kwenye uwanja wa magari ukijaza fomu. Kajazie nyumbani.

Babako ananiambia nimezidi, kwamba uchaguzi wa Marekani una polisi na kamera, nimwache mtoto. Babako hata ulipovuka feri mara ya kwanza kwenda shule peke yako alisema nimwache mtoto. Lakini juzi usiku nilimsikia akimwambia imamu msikitini, na sauti ameipandisha wasikie wengine, kwamba bintiye analinda kura za watu huko Amerika. Ametaja mpaka mwaka 2013, mahakama yao kuu ilipoondoa ile kanuni iliyozilazimisha Georgia na jirani zake kuomba idhini kabla ya kubadili taratibu za kura. Sijui alilisoma lini. Mbele yangu anajifanya hajali.

Mimi najua kwa nini unakwenda, hakuna haja ya kunieleza. Kitambulisho chako cha kwanza tulivyokipata unajua, maswali waliyotuuliza ya babu wa babu, mwenzako wa darasani mwenye jina la Kikristo akipewa chake siku hiyo hiyo. Huna kitambulisho, huna kura. Wamakonde wa Kwale walikuja kabla ya uhuru, wakakaa hapa bila karatasi mpaka 2016 walipoamua kutembea kwa miguu hadi Nairobi. Wewe ulikuwa ukifuatilia safari ile kila usiku na ukaniuliza kwa nini mimi siendi. Nilikujibu nina mitihani ya kusahihisha.

Jambo jingine. Wewe mwenyewe piga kura yako mapema. Kura za mapema zimeanza tarehe 15 na nimesikia siku ya kwanza tu walijitokeza zaidi ya watu 300,000 huko Georgia. Usije ukawalinda wenzako ukasahau yako. Nenda na kitambulisho, na hakikisha jina lako limo daftarini kabla hujatoka nyumbani, maana huko kwenu mpiga kura mmoja anaweza kuwasilisha pingamizi dhidi ya majina mengi atakavyo, na sheria ya 2021 haikumwekea kikomo. Jina la Kiislamu, mtu mzaliwa wa nje, usijidanganye kwamba hawatalifikia.

Ya nyumbani ni haya. Mvua za vuli zimekaribia na bati la jikoni bado linavuja, lile la upande wa mwembe. Fundi amekuja kupima, anataka nusu ya pesa kwanza, nami sitaki kumpa, kwa sababu nusu ya kisima aliichukua akapotea mpaka mfungo ukaisha. Ulizotuma zimefika kwa M-Pesa. Nimetoa karo ya mdogo wako, zilizobaki nimeweka za mabati. Yeye sasa anataka kusomea sheria, na hilo ni wewe umemtia. Ninyi wawili mtanimaliza. Mwambie amalize mitihani kwanza, kwako anasikia. Harusi ya binti wa mamako mdogo imesogezwa mpaka Desemba; leso zimeshanunuliwa, yako nimekuwekea.

Dawa za babako usimpe yule anayesafiri mwezi ujao, maana anashukia Nyali na kuvuka feri hataki. Subiri wa Januari.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Nataka jina la atakayeendesha gari usiku ule na namba yake ya simu, na jina la mwenzako mwingine kama huyo akishindwa. Saa zenu zinarudi nyuma tarehe 3, kwa hiyo saa moja yenu ya usiku itakuwa saa tisa ya usiku wetu, nami nitakuwa macho. Ukiingia ndani na mlango umeufunga, nipigie. Si ujumbe, si ile alama ya kidole gumba. Nipigie nisikie sauti.

Mungu akuhifadhi wewe na wote mtakaosimama pamoja.

Ni mimi mamako.