Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Mnunuzi Wako wa Farasi

Maji ya Chai,
Arusha

Mwanangu mpendwa,

Hujambo baba? Sisi huku hatujambo, ila baridi. Mlima Meru umejifunika siku zote hizi na nguo hazikauki. Bibi yako goti linamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa, anakusalimu.

Ujumbe wako nimeupata. Huyo rafiki yako anataka kumnunua Jemadari ampeleke Dar es Salaam, awe anambeba bwana harusi hadi mlangoni pa ukumbi, na Jumapili apigwe picha na watoto ufukweni. Bei aliyotaja ni nzuri, sikatai. Na hoja yako nimeielewa: farasi hakamuliwi, halimi, hachinjwi, na kwa pesa ile ningepata mitamba miwili yenye mimba. Majirani wananiambia hayo hayo tangu ulipokuwa mdogo. Kwenye simu tungebishana tu, ndiyo maana nakuandikia. Soma siku yangu inavyokwenda, halafu wewe mwenyewe ukamhoji huyo bwana.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuinjika chai, napita mabandani na tochi. Sianzi na farasi, naanza na mavi. Usicheke. Mavi ya usiku yakiwa ya kutosha, mabonge yenye unyevu yanayovunjika yakidondoka, najua tumbo limefanya kazi. Yakiwa machache, madogo na makavu, naanza kuwa na wasiwasi. Farasi hawezi kutapika, baba. Akila kibaya, au gesi ikimjaa, hakuna njia ya kurudisha juu kama afanyavyo mbwa. Kwa hiyo naweka sikio ubavuni, upande wa kushoto kisha wa kulia, nasikiliza. Tumbo zima lina makelele: linanguruma, linakoroma, linanyamaza kidogo, linaanza tena. Likikaa kimya moja kwa moja, hapo ndipo pa kuogopa. Ukimwona anaparua chini kwa mguu wa mbele, anageuza shingo kutazama ubavu wake, analala na kugaagaa, usimpe kitu mdomoni, mpigie daktari wa mifugo. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Nayapima kwa vidole chini ya taya huku nikitazama saa ya simu. Yakivuka 60 sisubiri kukuche, na daktari anajua nikimpigia usiku si salamu.

Ndiyo maana wanakula majani kwanza. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili, limeumbwa kwa kutafuna kidogo kidogo mchana na usiku, si kwa kujaziwa debe la pumba mara moja ukaondoka. Jemadari ana kama kilo 400, anahitaji kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku. Pumba ni nyongeza tu. Maji ni ndoo mbili kubwa, siku za joto au za kazi zaidi ya hapo. Na unajua maji ya huku yalivyo na floridi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia, meno ya watu wa kwetu yanajieleza yenyewe, kwa hiyo mvua ikinyesha nakinga kila tone la paa.

Kwato nazisafisha asubuhi na jioni. Nainua mguu, nachokoa matope na mawe kuanzia kisigino kwenda mbele, nisije nikachoma ile sehemu laini ya katikati. Masika huwa kazi kubwa, matope yakikaa ndani sehemu hiyo inaoza na kunuka vibaya. Kwato zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo kila wiki sita hadi nane fundi anakuja kuzipunguza. Mafundi wa kwato ni wachache, na kila mmoja anajijua kwamba ni wachache.

Kazi ya pesa inaanza saa tatu, jua likishapanda. Wageni wawili watatu, tunapita kwenye migomba na kahawa hadi karibu na Ngongongare, tunarudi kabla ya joto. Watoto wanakimbia nyuma wakipiga kelele, na mimi nawafukuza kwa sababu nyuma kabisa ya mkia farasi haoni, akishtuka anarusha teke bila kumchagua mtu. Juzi kijana wa bodaboda alizima pikipiki, akamzunguka Tausi, yule farasi wetu mwingine, taratibu, akaniuliza anakula lita ngapi kwa kilomita. Nilimjibu kwamba huyu akiishiwa mafuta anajijazia mwenyewe barabarani. Fedha haiji kila siku, na 2020 wageni walipokatika tuliishi kwa kuuza samadi kwa wenye bustani. Hilo silifichi. Lakini ada yako ya chuo ilitoka kwenye migongo hii, na ng'ombe wa jirani mwaka huo nao hawakuwa na wa kuwanunulia maziwa, hoteli zilifungwa.

Kuhusu ng'ombe, sina ugomvi nao. Ila ujue kuwachanganya na farasi hapa uani kuna hatari zake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi inaweza kusimamisha utumbo wa farasi, na baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo kidogo tu inaharibu moyo wa farasi. Kijana anayenisaidia ni mzuri, lakini ndoo ni ndoo na giza ni giza. Hata kupe nawatoa kwa mkono, masikioni na chini ya mkia, kila jioni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, usubi. Wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma jioni na alfajiri ndio wanaobeba ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake vina aina 9. Ukimshika mapafuni, farasi mzima aliyekula vizuri asubuhi anaweza kufa akitoa povu puani, na wanaopona ni wachache sana. Pundamilia wa hapo hifadhini wanavibeba wala hawaugui, na sisi ndio majirani zao. Mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza lilitoka Arusha na farasi kuelekea Kondoa, na wanyama wakafa kwa wingi njiani kwa magonjwa, mbung'o na uchovu. Lile lilikuwa jeshi la serikali, mimi ni mama mmoja mwenye beleshi. Nina chanjo ya kila mwaka, ikipatikana, na nina saa. Jua linapoanza kuinama wote wako ndani, nyavu zimeshushwa, dawa ya wadudu imepakwa, na hawatoki hadi asubuhi jua liwe juu. Sijali kama ni Krismasi, sijali kama kuna msiba. Unakumbuka ulivyonuna siku ya kipaimara chako nilipoondoka kabla ya keki.

Na harusi za Dar, mwanangu, zinaanza saa ngapi?

Muulize hilo kwanza. Kisha muulize nani atamfungia ndani Jumamosi jioni wakati bwana harusi bado yuko saluni. Majani makavu atanunua wapi, na atayaweka wapi yasipate ukungu kwa unyevu wa pwani? Fundi wa kwato atamtoa wapi? Safari ni zaidi ya kilomita 600, je, lori litasimama mara ngapi anywe maji? Na chanjo ataipata kwa nani? Usimsaidie kujibu.

Akikwama, mwambie mama hauzi, tubaki marafiki. Akiwa na majibu, aje mwenyewe, asitume mtu. Afike jioni, alale kwetu, na saa kumi na moja nitamgongea mlango nimkabidhi tochi na toroli. Bei tutaongea baada ya kusafisha mabanda.

Nitumie kwa basi zile brashi ngumu za kusugulia, za hapa zinanyonyoka upesi. Na upige simu kwa bibi yako, si kwangu.

Mama yako