Barua ya wazi kwa Naheed Nenshi: kutoka zambarau hadi chungwa

Kwa Mheshimiwa Naheed Nenshi,
Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, Bunge la Jimbo la Alberta, Edmonton, Kanada.

Mheshimiwa, umri wangu unauzidi wako kwa miaka miwili mitatu, kwa hiyo shikamoo nakudai mimi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wako walitoka Tanzania, na kuna mambo ambayo kwa Kiingereza natoka kama nalalamika tu.

Mwaka 1971 serikali kule nyumbani ilipotaifisha majengo, familia nyingi za Kiismailia zilifunga mizigo. Wewe ukazaliwa Toronto Februari 1972, ukakulia Calgary. Mimi nilifika mji huohuo baadaye sana, na koti la kuazima.

Ulipogombea umeya wa Calgary mwaka 2010 mabango yako yalikuwa ya zambarau: nyekundu ya Waliberali na buluu ya Wahafidhina, zimechanganywa. Wenzetu hapa waliona ujanja wa kampeni. Sisi tuliona tunda, lile la kuokota chini ya mti, linalokuachia ulimi mweusi mpaka mama ajue ulikuwa wapi. Ukawa Mwislamu wa kwanza kuongoza mji mkubwa Kanada, na hukuwa umebebwa na chama chochote.

Juni 2013 ndipo nilipokuelewa. Mito ya Bow na Elbow ilifurika, makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa, maji yakaingia Saddledome, ule uwanja wa magongo ya barafu, mpaka kwenye viti vya watazamaji. Tulijibanza kwa jamaa kaskazini-mashariki, watu tisa sebuleni, redio juu ya friji. Sauti ilikuwa yako asubuhi na usiku: mtaa gani ufungwe, maji ya bomba bado salama, daraja lipi lisivukwe. Kulikuwa na watu walioingiza mtumbwi kwenye maji yale. Ukasema una majina mengi ya kuwaita ila hukuruhusiwa kutumia hata moja. Sebule nzima ilicheka, na bibi mmoja ambaye hajui Kiingereza akadai atafsiriwe. Ulikesha hata watu wakakuomba mtandaoni ukalale.

Sitakupamba, lakini. Mwaka 2013 ulipata asilimia 74 ya kura, mwaka 2017 ukaponea kwa 51. Mwaka uliofuata ulitaka Calgary iandae michezo ya Olimpiki ya 2026, na wapiga kura 56 katika kila 100 wakakataa. Waliokuchoka walikuita mjuaji. Ni kweli ulikuwa mjuaji. Ila ulikuwa mjuaji anayefafanua, na mtu wa namna hiyo namvumilia.

Halafu 2021 ukapumzika umeya, na Juni 2024 ukachukua uongozi wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto chenye rangi ya chungwa, kutoka kwa Rachel Notley kwa asilimia 86. Zambarau ikawa chungwa. Sina ugomvi na rangi. Mwaka mmoja baadaye ukaingia bungeni kupitia kiti chake Notley, Edmonton-Strathcona. Siku ileile, kwenye uchaguzi mdogo wa eneo la Olds, mgombea anayetaka Alberta ijitenge na Kanada alipata zaidi ya asilimia 15. Sisi tuliolelewa na mjadala wa muungano hatukushangaa, ila hatukulala vizuri.

Ninachokosa ni ile redio ya juu ya friji. Siku hizi nikikusikia, unamjibu Waziri Mkuu wa Alberta, Danielle Smith. Asubuhi kasema yeye, mchana unajibu wewe. Najua kazi ya upinzani ni hiyo, na viti 38 mlivyopata 2023 dhidi ya 49 vyake havitungi sheria. Lakini kufafanua hakuhitaji wingi wa viti.

Nifafanulie hili. Mpwa wangu alisoma chuo kikuu Tanzania miaka minne (taaluma yake siitaji, nisije nikamharibia). Ipo sheria ya Alberta ya 2019 inayozitaka bodi za taaluma zimpe msomi kutoka nje jibu la awali ndani ya miezi sita. Jibu alilipata. Lilimtuma akatafute karatasi nyingine, ambayo ofisi ya kule inataka aifuate mwenyewe, na nauli ni mishahara ya miezi kadhaa ya kuosha wazee usiku. Vyeti vyake viko kabatini kwangu kwenye bahasha ya kaki, kona moja imelowa chai.

Kwa hiyo: mkishika serikali, jibu la mwisho litatoka baada ya miezi mingapi? Nani atalipia mtihani? Anayekosa somo moja atalisomea wapi bila kuacha kazi? Usiniambie kwamba wahamiaji ni nguvu ya Alberta, hilo hata Waziri Mkuu anaweza kulisema. Nitajie miezi na dola, kama ulivyotutajia mitaa.

Nipo Calgary, na zamu yangu haina Jumamosi. Bahasha nikuletee Edmonton, au utapita mwenyewe?