Msiifukuze 'fear' kwenye Kiingereza

Mhariri, naomba kanafasi niseme kuhusu hawa wanaounda maneno mapya ya Kilatini ili yachukue nafasi ya 'fear', 'dread' na 'scare', yale maneno ya kawaida ya hofu, eti Kiingereza kipendeze zaidi. Mimi napenda sana Kilatini lakini hapa hapana jamani. Kwanza Kilatini kimeshaingia humo zamani, 'terror' (hofu kuu) na 'timid' (mwoga) ni vyake, na 'horror' (kitisho) ndo naipenda zaidi maana asili yake ni nywele kusimama, yaani mwili wenyewe unaongea! Alafu kuna neno 'metus', hofu kwa Kilatini, hilo ndo lilizaa 'meticulous', ambalo mwanzoni lilikuwa mtu mwoga na leo ni mtu makini kupita kiasi, sasa wewe ukiunda neno kutoka hapo nani atajua unaongelea uoga? Mtu akishtuka usiku hatafuti neno la silabi nne, anatoa lile fupi alilolisikia kwa mama yake. Hata sisi 'hofu' ilitoka Kiarabu lakini 'kuogopa' hatujakuacha, yote mawili tunayo na kila moja lina kazi yake.

Msomaji wenu