Kununua nyumba kwa mdogo mdogo kunatugombanisha

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Watu wengi wakiandika kuhusu nyumba na ardhi hapa Mombasa huwa ni mnunuzi aliyeliwa pesa, mie naandika kama mtu wa upande wa muuzaji na sitawaficha.

Mamangu aliuza nyumba yake Likoni kwa jirani, kijana wa vibarua vya bandarini, bei milioni 1 na laki 8. Akatoa laki 6 akapewa funguo, iliobaki alipe elfu 30 kila mwezi. Agrimenti iliandikwa kwa karatasi ya daftari, mzee wa mtaa akatia sahihi, tukanywa chai basi. Hakuna palipoandikwa akichelewa itakuaje, wala ushuru wa stempu nani atalipa, na huo kwa mjini ni asilimia 4, kwa bei yetu ni elfu 72 ambazo kila mtu alidhani ni za mwenzake.

Basi kijana akalipa, mwezi huu 30, mwengine 15, mwengine kimya manake meli hamna kazi hamna. Lakini huku akajenga choo cha ndani akachimba na kisima. Na bei za ploti huku zikapanda tangu barabara ya Dongo Kundu, ndipo ndugu yangu akaanza kusema huyu amevunja mkataba, tumtoe tuuze upya. Nusra aende kung'oa mabati wallahi.

Wakili mmoja tunayemjua ndie aliyetuzuia. Akatwambia sheria ya ardhi ya 2012 iko wazi, mnunuzi akishaingia ndani huwezi kumtoa kwa fujo, ama uichukue nyumba kwa amani ama uende kortini, na yeye pia ana haki ya kumuomba hakimu amuhurumie. Tena akasema angekua ni wakili wa yule kijana angemuambia tangu ile siku ya dipoziti aende ofisi ya ardhi aweke kosheni, yaani zuio, kwenye rejista ya ardhi hiyo, ili mama asiweze kumuuzia mtu mwengine kisirisiri. Kijana hakujua. Sisi pia hatukujua, na nikisema kweli ndugu yangu angejua mapema kua hakuna kosheni sijui angefanya nini.

(Hapa nazungumzia nyumba yenye hatimiliki. Zile nyumba bila ardhi za Majengo na Kisauni ni balaa nyengine, mtu anunua kuta na mabati, mchanga wa chini una mwenyewe na kila mwezi adai kodi yake.)

Tukakaa kitako kupiga hesabu. Daftari la mama lasema kijana bado anadaiwa 540,000. Kijana akatoa simu, meseji za M-Pesa moja moja toka mwezi wa kwanza, akasema ni 410,000. Tukabishana mpaka maghrib, mama karibu alie, mzee wa mtaa akaitwa tena na yeye hakumbuki kitu. Mwisho tukagundua pesa nyingi zilikua zaingia kwa namba ya ndugu yangu, kwa sababu simu ya mama ilikua mbovu, na si zote zilizofika kwa mama.

Kwa hivyo nawaomba nyie mnaouziana kwa mdogo mdogo, malipo yaende kwa namba ya mwenye nyumba mwenyewe na kila mwezi muandikiane baki imebaki ngapi, nyote wawili mtie sahihi. Na mawakili wetu wa Mombasa mkiweza siku moja moja njooni Likoni mtusomee hizi sheria kwa Kiswahili, huku tunasainishana vitu tusivyovielewa.

Kijana bado yuko ndani, tumeandika agrimenti mpya kwa wakili na amewekewa muda. Ile tofauti ya laki na elfu 30 ndugu yangu asema ataileta mwisho wa mwezi, huu ni mwezi wa nne asema hivyo hivyo.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa