Kabla Hujanunua Kabureta Nyingine, Tutafute Hewa Inakopenya

Wateja wengi wenye Corolla za injini ya 4K, Datsun 1200 na Land Cruiser za injini ya 2F wanafika gereji yetu hapa Arusha wakiwa na hukumu tayari: kabureta imekufa. Wengine wameshanunua nyingine ya mtumba, imefungwa, na ugonjwa uko palepale. Asubuhi gari linawaka vizuri ukivuta choki, kile kifuniko kinachobana hewa ili petroli izidi. Injini ikishapata moto na choki ikarudishwa, linaanza kutetemeka, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na ukifika kwenye mataa linazima. Ukiwa barabara kuu mwendo wa 80, halina neno.

Dalili hizo zikija pamoja, sisi hatuanzi na kabureta. Tunaanza na hewa inayopenya chini yake.

Kabureta hupima petroli kwa kufuata hewa inayopita kooni mwake. Injini inataka takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Hewa inayoingilia kwenye gasketi (kizibo chembamba kati ya vyuma viwili) iliyopasuka au mpira wa hewa uliochanika haipiti kooni, kwa hiyo haitolewi petroli yake, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Sailensa ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kile kibati cha kooni kinakuwa kimefungwa karibu chote, pistoni zinavuta kwa nguvu, na kila upenyo ulio chini ya kibati unanyonya hewa. Ukikanyaga mafuta kibati kinafunguka, mvuto unapungua, na hewa halali inakuwa nyingi mno kiasi kwamba ile ya wizi haina athari. Ndiyo maana gari hilohilo linakuaibisha mjini na kwenda vizuri njia ya Moshi.

Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya mwenyewe. Injini ikiwa ya moto na inatetemeka, vuta choki kidogo tu. Ikitulia, jua mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Hapo zinabaki sababu mbili kubwa: kuna hewa inayopenya, au jeti ya sailensa, yaani kitundu kinachopima petroli, imeziba uchafu. Kuzibua jeti ni kazi ndogo.

Linalotuuma ni tiba ambayo magari haya yanapewa kabla ya kutufikia. Skrubu ya sailensa imepandishwa mpaka mwisho. Ya mchanganyiko nayo imefunguliwa kupita kiasi. Halafu, hili ndilo baya kuliko yote, jeti kuu imetobolewa iwe pana ili petroli izidi. Sailensa kwa kweli inapata nafuu, lakini safarini gari linakunywa mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na ile hewa bado inaingia. Jeti iliyotobolewa hairudi kuwa ilivyokuwa. Inabidi itafutwe nyingine ya namba sahihi, na kwa kabureta za zamani jeti hizo hazipatikani kila duka.

Kwa sisi wa huku juu kuna jambo jingine. Arusha iko takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku hutoa petroli nyingi kidogo kuliko inavyotakiwa. Upenyo mdogo unaweza kujificha humo miezi mingi. Kisha unateremka Tanga au Dar, hewa inakuwa nzito, na gari lililokuwa zima Arusha linaanza kuzima kwenye foleni za Dar. Ukikutwa na hilo, usikubali kabureta ifumuliwe huko kabla mipira na gasketi hazijaangaliwa. Hata saa ya vakyumu, inayopima mvuto wa injini, husomwa tofauti. Pwani injini nzima ikiwa sailensa husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo hapa kwetu 13 hadi 16 ni afya njema. Mshale ukitulia chini ya hapo, na taimingi (wakati plagi zinapotoa cheche) iko sawa, tunaanza msako.

Mara nyingi tatizo liko chini ya kabureta yenyewe. Kati yake na manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko ndani ya injini, kuna kipande kinene cheusi kinachozuia joto, na gasketi juu na chini yake. Kipande hicho hupasuka nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka ukitoe, ukisafishe na ukipinde kidogo kwenye mwanga. Kitako cha kabureta nacho hupinda, kwa sababu watu hukaza nati za pembeni kwa nguvu wakidhani ndiyo dawa. Tunaweka rula ya chuma juu yake na kuangalia kama mwanga unapita katikati. Ukipita, tunakisugua taratibu kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene mpaka kinyooke. Hatupaki silikoni hapo. Silikoni ya kawaida huvimba na kulainika ikikutana na petroli, na vipande vyake humezwa na injini. Gasketi ya karatasi la boksi nayo hatuitumii.

Kwenye 4K, 2F na Datsun 1200 manifoldi ya hewa na ya ekzosi (inayotoa moshi) ziko upande mmoja na zinatumia gasketi moja. Kwenye 2F manifoldi hizo mbili zimeshikana kwa bolti, na ukizifunga kwenye hedi (kichwa cha injini) bila kulegeza kwanza bolti hizo, nyuso zake hazilali sawa na gasketi mpya itavuja. Tunalegeza, tunakaza kwenye hedi, ndipo tunamalizia zile zinazoshikanisha manifoldi mbili.

Mpangilio huo ndio unaotufanya tukuombe usijaribu ule mtindo wa kumwagia petroli kwa chupa kuzunguka kabureta injini ikiunguruma ili kusikia kama resi inapanda. Ekzosi ya moto iko papo hapo chini. Magari yameungua hivyo. Sisi tunanyunyiza maji yenye sabuni kwa chupa ya dawa, au tunatumia moshi kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa, na moshi unaonyesha wenyewe unakotokea.

Mipira midogo ya hewa tunaipitia yote. Joto huikausha ikawa migumu kama plastiki na kupasuka mwishoni, pale inapovaa bomba. Matundu yasiyotumika tunakuta yamezibwa kwa msumari au mpira wa tyubu. Tunaweka vifuniko vinavyostahili. Mpira wa distribyuta (kigawa moto wa plagi) tunauvuta kwa mdomo kisha tunauziba kwa ulimi: ukishika ulimi, kiwambo cha mpira kilicho ndani ni kizima, ukiachia, kimetoboka.

Shafti ya kibati cha kooni ikicheza ukiitikisa kwa vidole, hewa inapita pembeni yake na hakuna gasketi itakayosaidia. Hiyo tunaipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, tundu linapanuliwa na kuwekwa bushi ya shaba.

Jambo moja lisisubiri hata siku moja. Ukisikia mlio wa hewa unapokanyaga breki, au sailensa ikabadilika kila ukikanyaga, hewa inaweza kuwa inapita kwenye busta ya breki (chombo kinachotumia mvuto wa injini kukusaidia kukanyaga breki) au mpira wake. Hapo siyo mafuta tu unayopoteza. Breki itakuwa ngumu na gari litachelewa kusimama. Lilete liangaliwe kabla ya safari yoyote.

Ukija kwetu, acha gari jioni au ulilete asubuhi bila kuzunguka nalo kwanza, maana tunataka kuona linavyowaka likiwa baridi na linavyobadilika likipata moto. Kama umebadilisha kabureta, njoo na ile ya zamani pia. Bei tunakuambia baada ya kupima na kabla ya kufungua nati yoyote, na unaonyeshwa saa ya vakyumu kabla na baada ya kazi. Gasketi mpya hukaa vizuri baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa, kwa hiyo rudi baada ya wiki moja, injini ikiwa ya baridi, tukaze tena nati za kabureta. Huduma hiyo haina malipo.