Mimi si mzima wa afya, Idi

Ndugu yangu Idi,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya, wewe na wote hapo nyumbani. Ama kwa upande wangu... hapo kalamu imesita. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuandika "mimi ni mzima wa afya", na leo nikiandika hivyo nitakuwa mwongo.

Najua umenuna. Miezi miwili simu zako sipokei, ujumbe wako nakujibu kwa neno moja, na nusu fainali mmecheza bila mimi. Sele kaniambia umesema nimevimba kichwa. Hujakosea sana, kaka. Nimevimba kweli, ila si kichwa, ni moyo.

Sikutanii. Misuli yenyewe ya moyo ilivimba, wenyewe wanaita mayokaditisi. Nilipanga nisikuambie mpaka nipone, maana nakujua, ungeanza kunililia kabla sijafa. Lakini juzi Sele huyohuyo kanipa habari, tena kwa majivuno kama ya kwake, kwamba una homa siku ya nne na bado jioni unaenda mazoezini "kuitoa kwa jasho". Ndiyo maana naandika. Mimi nilianza hivyohivyo.

Unayakumbuka mafua yangu yale? Ile Jumamosi nilicheza dakika zote 90 mwili unachemka, kocha akanisifu mbele ya wote. Baada ya siku chache mafua yakaisha, nikajiona kidume. Wiki ya pili napanda ngazi za kwangu, kufika ya nne nikashindwa. Jirani akawa anashuka, nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu. Idi, nilikuwa nimevaa ndala. Moyo ulikuwa unapiga, unaruka pigo moja, halafu unapiga mawili ya harakaharaka kama mtu anayelipa deni. Usiku nikilala chali pumzi inakata, ikabidi niegemee mito mitatu.

Pale nilipokwenda kwanza, sipataji, niliambiwa kijana wa umri wangu haumwi moyo, hiyo ni gesi. Nikachomwa sindano ya maumivu, diklofenaki, nikarudishwa nyumbani. Baadaye daktari wa moyo aliposikia jina la ile sindano alikunja uso. Kwa ugonjwa huu dawa za jamii hiyo wanaziepuka, pamoja na zile za ibuprofeni tunazomeza kama karanga kabla ya mechi.

Huyo wa pili ndiye aliyenisikiliza. Kanipima umeme wa moyo, vile vibandiko vya kifuani vikibanduliwa vinaondoka na nywele, nikapiga kelele kuliko nilivyopiga kwa ugonjwa. Kachukua damu kupima troponini. Hiyo ni protini inayokaa ndani ya seli za misuli ya moyo. Ikionekana nyingi kwenye damu, maana yake seli zimeumia na zinavuja. Yangu ilikuwa juu sana. Wakadhani ni shambulio la moyo, wakapitisha mrija mwembamba mkononi hadi kwenye mishipa ya moyo. Mishipa misafi, hakuna iliyoziba.

Ndipo nikaingizwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Mashine inagonga kama fundi bati, huku sauti inakuamuru: vuta pumzi, toa, zuia. Baadaye daktari kanionyesha picha. Ubavuni mwa moyo, upande wa nje, kuna weupe umepita kama mtu kafuta chaki kwa kidole. Akaniambia mshipa ukiziba, kovu huanzia upande wa ndani wa ukuta wa moyo. Langu lilikuwa nje, na nje ndiko mayokaditisi inakopenda kukaa. Nimeitazama picha ile muda mrefu. Vitu vingi nimeona maishani, moyo wangu ukiwa na chaki sikuwahi kuuwaza.

Nyumbani sasa. Mama kusikia "uvimbe kwenye moyo" akaanza kulia, kadhani ni kansa. Lugha yetu hapo imetuponza, uvimbe ni neno moja kwa mambo mawili. Nikamweleza: mama, si kinundu, ni kama kidonda kinavyowaka kikawa chekundu na kuvimba, ila hiki kiko ndani ya moyo. Naye Sele kashadai ni chanjo! Ni kweli chanjo za mRNA za korona zimewahi kuleta tatizo hili kwa wachache, hasa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona. Lakini mimi mwaka huu sijachanjwa hata ya tetenasi. Na virusi vya korona vyenyewe vinaweza kuuwasha moyo, hilo Sele halisambazi.

Mara nyingi chanzo ni virusi: vya mafua, vya kaksaki, adenovirusi, hata vya kuharisha. Dondakoo nalo lina sumu inayofika moyoni. Wengine ni kinga yao tu imegeuka, kama kwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe. Kwangu ni yale mafua. Virusi viliingia kwenye misuli, askari wa mwili wakaja kuvitoa, wakawa kama mtu anayechoma ghala ili amuue panya. Homa imekwisha, wewe unakimbia, kumbe huko ndani moto bado.

Panya wamenikumbusha. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani waliwaambukiza panya virusi vya kaksaki, kisha wakawalazimisha kuogelea. Virusi vikaongezeka mno mioyoni mwao, na walioogelea wakafa wengi kuliko waliopumzika. Nimesoma habari hiyo kitandani nikajiona mimi, Jumamosi ile, na jezi yangu. Sasa nakuona wewe.

Usiniambie wewe una pumzi kuliko mimi. Alphonso Davies wa Bayern Munich, unaijua mbio yake, Januari 2022 alikutwa na mayokaditisi baada ya korona, tena nyepesi, na akakaa nje hadi Aprili. Mchezaji anayeanguka uwanjani bila kuguswa na mtu, chanzo kimojawapo ni hiki. Kovu linauvuruga umeme wa moyo, basi. Na usipokufa, moyo unaweza kutanuka na kulegea ukawa mgonjwa wa kudumu.

Nguvu ya moyo wangu kwa sasa inapanda. Moyo mzima ukipiga mara moja, chumba cha kushoto hutoa kati ya asilimia 55 na 70 ya damu iliyomo. Nilianza na 42, wiki iliyopita eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, imeonyesha 51. Nameza vidonge vya kuupunguzia mzigo na vya kutuliza mapigo. Dawa kubwa lakini ni kukaa, na ndiyo inayonishinda. Mkono ukivunjika unafungwa plasta, moyo utaufunga plasta wapi, wakati unapiga kama mara 100,000 kwa siku? Kwa hiyo nimekatazwa mazoezi miezi sita, kisha nivae kifaa cha kurekodi mapigo saa 24, nikimbizwe kwenye mashine, ndipo waamue. Wageni wakija wananiambia "piga moyo konde". Nawajibu daktari amekataza.

Nilitaka kukuandikia pia habari ya Mwajuma na lile deni, ila nimechoka, hiyo siku nyingine.

Sasa nijibu haya. Homa imefika siku ya ngapi? Kifua kinabana, au ni viungo tu vinauma? Ukilala kimya, hujafanya lolote, moyo unakwenda mbio? Umewahi kuona kizunguzungu ukisimama? Miguu jioni inavimba? Ukipata hata kimoja kati ya hivyo, hospitali siku hiyohiyo, na wakikuambia gesi waombe wakupime umeme wa moyo na troponini. Na kama hakuna hata kimoja, mazoezi si yanaweza kusubiri homa ishuke? Kocha anajua kama unaumwa, au umemficha kama nilivyomficha mimi? Na namba nane yangu kavaa nani?

Nijibu leo. Hata kwa neno moja, kama nilivyokuwa nakujibu mimi.

Wako,
Rama