Jumamosi kwa dada yetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi tunakwenda kusali na dada yetu aliyefiwa na wanawe kwenye maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, Desemba 3, 2023. Mvua hizi zimemtonesha kidonda. Ikinyesha usiku anakaa macho, viatu mguuni. Tafadhali, asiwepo wa kumwambia "usilie". Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Tumsikilize kwanza, kisha tusome Zaburi 34:18, ameiomba mwenyewe.

1. Tukutane kanisani Katesh saa 8 na nusu mchana.
2. Mchango sh. 5,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni. Aliyekwama aje tu.
3. Kwaya, nyimbo mbili za taratibu.

Unayekuja andika "nipo" hapa kabla ya kesho usiku, tupange usafiri.